Mhasibu Aliyetaka Kusomea Michezo: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lamu

Barua ya chuo ilimfikia mhasibu huyu katika wiki ileile ambayo fainali ya CHAN, mashindano ya kandanda ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, ilichezwa katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, tarehe 30 Agosti 2025, Moroko ikaishinda Madagaska mabao 3 kwa 2. Barazani kote katika mitaa ya Lamu, Langoni hadi Mkomani, watu hawakuwa na habari nyingine. Nalitaja jambo hilo kwa sababu lina sehemu yake katika kisa: mtu anapopewa nafasi ya kusomea usimamizi wa michezo wakati nchi nzima inazungumza michezo, ni vigumu kwake kujua kama anachokisikia moyoni ni haja yake mwenyewe au ni kelele za msimu. Ilikuwa nafasi ya shahada ya uzamili, miaka miwili, masomo ya darasani Nairobi. Alipewa wiki tatu za kujibu, na ada ya mwaka wa kwanza peke yake ilikuwa sawa na mishahara yake ya miezi minne.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, kwa sharti kwamba jina lake, jina la hoteli na jina la chuo yasitajwe. Nitamwita mhasibu, kwa kuwa ndivyo alivyo mpaka leo. Ana umri wa miaka 34, ana digrii ya biashara, na kwa miaka 10 amekuwa akishika vitabu vya hesabu vya hoteli moja ya Shela. Mume wake ni nahodha anayewapeleka wageni kwa mashua Matondoni, Kipungani na kwenye magofu ya Takwa. Wana watoto wawili, na mama yake mzazi anaishi nao. Nje ya kazi hiyo, tangu mwaka 2019, amekuwa mweka hazina wa timu ya kandanda ya wasichana ya mtaani pamoja na kamati inayoandaa mashindano ya mashua, na kwa kazi hizo mbili hajawahi kulipwa hata nauli ya boti.

Alinijia mimi kwa kuwa nilimfundisha somo la biashara katika shule ya sekondari, na kwa kuwa niliwahi kuwa mjumbe wa kamati hiyo ya mashua kabla miguu haijanikataza kusimama ufuoni siku nzima. Tuliketi katika daka la nyumba yangu baada ya sala ya alasiri. Nilitazamia aniulize kama kozi ni nzuri, kama chuo kinaaminika, au kama ada inaweza kupunguzwa. Hakuuliza lolote katika hayo. Alisema, «Mwalimu, nikienda nikasoma, nikirudi nitakuwa nani hapa Amu?»

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa na kosa, na ni wajibu wangu kulieleza kwa kuwa ni kosa ambalo wazazi na walimu wengi tunalifanya kwa nia njema. Nilimwambia kwamba ikiwa ni lazima arudi chuoni, basi asome uzamili wa biashara wa kawaida, unaokubalika benki, serikalini, katika mashirika na mahotelini, badala ya fani nyembamba ambayo kisiwani kwetu haina hata ofisi moja yenye kibao mlangoni. Nilihesabu milango. Sikujiuliza ni mlango upi ambao yeye alikuwa amesimama mbele yake kwa miaka sita akibisha hodi. Alinisikiliza kwa adabu, akaniaga, na siku ya pili akarudi na daftari.

Lilikuwa daftari gumu la kurasa kubwa, lile ambalo wenye maduka hapa huliita kaunta buku, jalada lake limefifia kwa hewa ya chumvi. Kila shindano lilikuwa na kurasa zake: kamba, rangi, mafuta ya boti ya kusimamia, kitambaa cha tanga jipya la zawadi, tende na kahawa za wageni wa heshima, na kando ya kila mstari risiti iliyobanwa kwa pini. Sijapata kuona hesabu za michezo zilizoandikwa kwa uangalifu namna hiyo katika mji huu. Katikati ya daftari kulikuwa na ukurasa mmoja usio na fedha hata kidogo. Juu yake aliandika «Watu 9?», akakata, akaandika «10?», akakata tena.

Ukurasa huo ulihusu shindano la mwaka 2024. Mashua moja ilikuwa ikibisha, yaani ikienda kinyume cha upepo, kulizunguka boya la juu katika mkondo wa Manda, upepo ukaongezeka ghafla, magunia ya mchanga ya farumi, yale ya kukipa chombo uzito, yakateleza upande wa chini, na chombo kikapinduka mbele ya watu waliojaa forodhani. Mabaharia wote walikuwa waogeleaji hodari na mashua nyingine zilikuwa karibu, kwa hiyo hakuna aliyekufa. Tatizo lilianza baada ya uokoaji. Hakuna mtu aliyeweza kusema chombo kile kilitoka na watu wangapi, kwa sababu vijana wawili walirukia ndani dakika ya mwisho ili waukalie ubao wa kuegemea upepo, kama wafanyavyo siku zote, na nahodha hakuwa na haja ya kuwauliza majina. Kwa muda wa dakika arobaini watu waliita, wakapiga mbizi, wakahesabu vichwa upya. Mama wa kijana mmoja alikuwa amekaa chini pale kwenye ngazi za gati, hasemi neno. Mwishowe ilibainika kwamba kijana wake aliokolewa na mashua ya mashindano iliyokuwa nyuma yao, akashika kamba pamoja na mabaharia wa chombo kile, na akaendelea nao hadi mwisho wa shindano.

Watu wa mji walicheka kwa furaha, na mpaka leo husimulia habari hiyo kama kichekesho. Mhasibu hakucheka. Aliniambia, «Mwalimu, fedha nilizihesabu hadi shilingi ya mwisho. Watu sikuwahesabu.»

Nadhani hapo ndipo kisa kilipogeuka kwangu, kwa kuwa nilielewa kwamba hakuwa akikimbia uhasibu wala hakuwa amevutwa na CHAN. Alikuwa amekutana na jambo ambalo elimu aliyokuwa nayo haikulitosha. Jambo hilo lina jina na lina mafunzo yake: kupanga tukio la michezo, kutambua hatari zake kabla hazijatokea, kujua nani anawajibika kwa nini, bima inahusika wapi, na uokoaji unaanza na taarifa gani. Fani yenyewe ilizaliwa kutokana na pengo la namna hiyo. Mwaka 1957 Walter O'Malley, mwenye timu ya besiboli ya Dodgers huko Marekani, alimwandikia Profesa James Mason akimuuliza mtu angempata wapi aliyesomea hasa kuendesha mahali kama uwanja, ukumbi, njia ya mbio au gati la mashua. Hakukuwa na mahali. Kozi ya kwanza ya uzamili katika usimamizi wa michezo ilianza Chuo Kikuu cha Ohio mwaka 1966, kutokana na swali hilo. Nilipomsomea habari hiyo, mhasibu alitabasamu kwenye neno «mashua».

Kuna upande wa pili, mgumu zaidi kuusema, nao ni upande wa heshima ya kusikilizwa. Kampuni moja ilikuwa tayari kuidhamini timu ya wasichana kwa jezi na nauli za msimu mzima, ikaomba cheti cha usajili. Timu haikuwa nacho. Sheria ya Michezo ya Kenya ya mwaka 2013 inataka kila klabu na kila shirika la michezo lisajiliwe kwa Msajili wa Michezo, likiwa na katiba na viongozi wanaojulikana, lakini timu nyingi za mitaani huishi miaka na miaka kwa kuaminiana tu, na udhamini ukapotea. Mhasibu alijifundisha sheria hiyo usiku baada ya kazi, akaandika rasimu ya katiba ya timu, akaipeleka kwenye kikao kilichokuwa na wanaume kumi na mmoja na yeye peke yake mwanamke. Mmoja wao, ambaye si haja kusema anatoka ofisi gani, alimwambia mbele ya wote kwamba yeye ni karani wa hoteli na mambo ya michezo awaachie wanamichezo. Rasimu haikufunguliwa. Mtu asiyewahi kuketi katika kikao cha namna hiyo anaweza kusema kwamba karatasi ya chuo haiongezi akili, na ni kweli, lakini katika kikao kile akili haikukosekana. Kilichokosekana ni sababu ya kumlazimisha yule bwana kuifungua rasimu.

Kwamba uongozi mbovu huwanyima wachezaji hata kabla ya kuingia uwanjani, yeye alilijua kuliko mimi. Alinikumbusha mwaka 2022, baada ya serikali kulivunja Shirikisho la Kandanda la Kenya mwezi Novemba 2021 na kabla FIFA haijaifungia nchi Februari iliyofuata, mgogoro uliotokana na hayo ulipowafanya Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, wasicheze na Uganda mechi za kufuzu fainali za wanawake za Afrika, na Uganda ikasonga mbele bila kutoka jasho. Wasichana wa timu yake walililia redio siku ile. Marufuku hiyo iliondolewa Novemba 2022, na miaka miwili baadaye timu ya wasichana wa chini ya miaka 17 ikawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, katika Jamhuri ya Dominika. Kati ya taarifa hizo mbili, alisema, wasichana walikuwa walewale wa Kenya, na miguu ni ileile.

Basi nilikubali kwamba fani ni hiyo. Swali la kazi lilibaki, na hapo sikutaka huruma yangu inipofushe. Nani atamlipa? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeyapa magatuzi jukumu la michezo, shughuli za utamaduni na viwanja vyake, kwa hiyo mwajiri wa kwanza wa kufikiriwa ni serikali ya kaunti, ambayo nafasi zake ni chache na hutangazwa kwa nadra. Kifungu cha 27 kinachosema kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa kinamsaidia mwanamke mwenye sifa, lakini hakimtengenezei mshahara. Mashirikisho yako Nairobi. Vilabu vya ligi kuu haviko Lamu. Hoteli, kwa upande mwingine, zinahitaji sana watu wa kupanga matukio, na mji wenyewe una kalenda ambayo wengi hawaihesabu kuwa ya michezo: mbio za punda na mashua katika Tamasha la Utamaduni, michezo ya Maulidi ya Mfungo Sita, mashindano ya mitaa ya mwezi Januari. Mji wa Kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni huja kuyaona mambo haya yakiwa hai. Kazi ipo, na inafanywa kila mwaka. Haijawahi tu kuandikiwa cheo.

Kuhusu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 iliyopewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, nilimsihi asiiweke kabisa katika hesabu zake. Ni kweli kwamba CHAN ilionyesha jinsi nchi inavyowahitaji watu waliosomea kazi hii. Mashabiki walipovunja taratibu za kuingia Kasarani, CAF, shirikisho la kandanda la Afrika, iliuwekea uwanja huo kikomo cha tiketi 27,000. Lakini mechi hazitachezwa Lamu, na wakati huo yeye angekuwa bado na tasnifu mezani. Anayebadilisha kazi kwa ajili ya tukio la mwezi mmoja huamka mwezi wa pili akiwa na deni.

Nalo deni ndilo lililonishughulisha zaidi ya yote. Niliomba tuandike matumizi ya nyumba yake mwezi kwa mwezi badala ya mwaka mzima kwa jumla, kwa sababu wakazi wa pwani hii hawaishi kwa mwaka. Wanaishi kwa pepo za msimu, kaskazi na kusi. Tulipofika Mei, kalamu ilisimama. Mvua za masika zinanyesha, kusi inavuma kwa nguvu, hoteli nyingi za Shela zinafunga, na mashua ya mume wake iko pwani inakwanguliwa na kupakwa deheni na mafuta ya papa, haiingizi senti, inakula. Hoteli anakofanya kazi hufunga pia, lakini mhasibu hubaki ili kufunga hesabu za mwaka, na mshahara wake huendelea. Kwa maneno mengine, Mei na Juni nyumba ile ya watu watano hula kutoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akitaka kwenda Nairobi kwa miaka miwili. Alikuwa hajawahi kuliona likiwa limeandikwa hivyo. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba miaka yote alidhani mashua ndiyo inayowalisha.

Mikopo haikuwa na msaada mkubwa. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huwakopesha wanafunzi wa uzamili pia, ila yeye alikuwa bado akikatwa mshahara kwa mkopo wa digrii ya kwanza. Tulizitazama njia za nje kwa haraka. Shahada ya FIFA, inayosomeshwa kwa mwaka mmoja katika vyuo vya Leicester, Milan na Neuchâtel, ni ya ushindani mkubwa na gharama yake haiko katika upeo wa familia hii. Ile ya MEMOS, inayosaidiwa na Mshikamano wa Olimpiki, humruhusu mtu kusoma kwa vipindi huku akifanya kazi, jambo ambalo lingemfaa sana, lakini hutolewa kwa watu ambao tayari wamo katika mashirika ya michezo na wanaopendekezwa na kamati zao za Olimpiki. Yeye bado yuko nje ya mlango huo. Niliziandika pembeni kwa siku za baadaye.

Lililotuokoa ni kuutazama upya muundo wa kozi yenyewe. Uzamili wa vyuo vyetu una sehemu mbili: masomo ya darasani, ambayo kwa kawaida humalizika ndani ya mwaka wa kwanza, na utafiti wa tasnifu. Sehemu ya pili ndiyo inayowakwamisha wengi. Wanamaliza madarasa vizuri, kisha wanahangaika kutafuta mada, msimamizi na mahali pa kukusanyia data, na miaka miwili inakuwa minne. Mhasibu alikuwa na mada kabla ya kukanyaga darasani: usalama na uandaaji wa mashindano ya mashua Lamu. Uwanja wake wa utafiti uko mbele ya nyumba yake. Daftari lake lilikuwa na kumbukumbu za miaka sita. Kwa hiyo muda wa kuwa mbali na nyumbani haukuwa miaka miwili, ulikuwa mmoja, na mwaka mmoja unaweza kuwekewa akiba.

Nilimshauri asiikatae nafasi na asiende mwaka huo. Aombe kuahirisha hadi Septemba 2026, na mwaka wa kungoja autumie kwa mambo matatu: kuweka kando fedha za Mei na Juni ya 2027 kabla ya kuweka hata shilingi ya ada, kuisajili timu ya wasichana kisheria, na kuanza kurekodi kila mashua inayoshindana, idadi ya watu wake, hali ya upepo na kila ajali hata ndogo. Sitaki kudai kwamba ushauri huu ungemfaa kila mtu. Kijana asiye na watoto angeweza kwenda mara moja, na mwalimu aliyeajiriwa angeweza kutafuta masomo ya wakati wa likizo za shule. Kwa nyumba hii, na kwa Mei hii, niliona ndiyo njia iliyokuwa na unyoofu.

Mama yake hakupendezwa. Aliona kwamba mwanamke wa miaka 34 mwenye kazi nzuri hana haja ya kuketi dawati moja na vijana. Mume alikubali kwa wepesi uliotushangaza sote, akasema tu kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye mashua iliyomwokoa yule kijana na hakujua kwamba ufuoni watu wanamtafuta.

Chuo kilikubali kuahirisha. Timu ya wasichana ilipata cheti chake cha usajili mwezi Desemba 2025, na mweka saini wa kwanza katika katiba ni nahodha wa timu mwenye umri wa miaka 19. Hoteli imejibu nusu: itampa likizo bila malipo ya miezi sita, si kumi na miwili, na mazungumzo hayajafungwa. Fedha za miezi miwili ya kusi bado hazijatimia.

Januari mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kamati ilitaka kila mashua iwasilishe orodha ya majina kabla ya kupandisha tanga. Niliomba niletewe kiti ufuoni ili nione. Manahodha walinung'unika, wengine wakaandika majina ya utani. Mashua ya nne ilileta orodha ya majina kumi na moja. Mhasibu aliingia majini hadi magotini, ameshika daftari juu ya kifua lisirowe, akahesabu vichwa kimoja kimoja, akapata kumi na viwili. Mbio zilikuwa zimechelewa na watu walikuwa wakipiga makelele kutoka gatini. Alimwambia nahodha, mzee aliyemshinda umri kwa miaka thelathini, kwamba chombo hakitoki. Mzee alimtazama, akageuka kuwatazama mabaharia wake, kisha akamsukuma mbele mtoto mwembamba aliyekuwa amejificha nyuma ya mlingoti. «Haya mwanangu,» alimwambia mhasibu, «muandike na huyu.»